Waya Unaovuka Maji

Sisi watu wa Turiani hatuna meli. Tuna Mto Diwale, ambao wakati wa masika hujifanya mkubwa. Tuna miwa ya Mtibwa na majaruba ya mpunga, na mgongoni mwetu iko milima ya Nguru inayotuletea mvua. Msomaji atajiuliza basi, mwalimu mstaafu wa hapa, mwenye umri wa kukaa kibarazani, anatafuta nini katika habari za kuunganisha umeme wa nchi kavu na chombo cha majini. Nami ningejiuliza hivyo hivyo, kama mpwa wangu asingekuwa fundi umeme wa boti Dar es Salaam, na kama jirani yangu asingekuwa na waya unaovuka mfereji.

Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mtoto wa dada ni mtoto wako hasa. Ndiyo maana mwaka 2019, mke wangu alipokwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, hatukuuliza tutafikia wapi. Tulikaa kwa mpwa wiki tatu. Siku ambazo mama alikuwa amepumzishwa, kijana alinichukua kazini kwake nisije nikaozea sebuleni. Kazi yenyewe ilikuwa boti ya mtu binafsi, ya kuwatembeza wageni na kuvua samaki wa mchezo, iliyofungwa gatini katika hori. Mimi nilipewa kiti cha plastiki, kofia na amri ya kutogusa kitu.

Chombo kikiwa baharini hujitegemea. Kina betri, kina jenereta, na injini yenyewe huchaji betri. Lakini kikifungwa gatini, jenereta ni kelele, moshi na mafuta ya bure. Kwa hiyo huzimwa, na chombo huvuta umeme kwa kebo kutoka kwenye nguzo fupi iliyo ukingoni mwa gati. Umeme huo ndio unaopoza friji na kuchaji betri zinazoendesha pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ya boti. Ukikatika siku tatu bila mtu kujua, betri zitakufa, pampu itanyamaza, na chombo chaweza kuzama kikiwa kimefungwa kamba salama kabisa. Meli kubwa nazo zimeingia katika desturi hii. Bandari ya Göteborg, Uswidi, ilianza mwaka 2000 kuzipa meli umeme wa msongo mkubwa, jimbo la California likaanza kuwabana wenye meli mwaka 2014, na Umoja wa Ulaya umeweka mwaka 2030 kwa meli za abiria na za makontena katika bandari zake kubwa. Wanafanya hivyo kupunguza moshi mijini. Lakini kisa changu ni cha boti ndogo na kebo ya unene wa kidole gumba.

Jambo la kwanza alilonionyesha mpwa lilikuwa umbo la ncha mbili za kebo ile. Ncha inayoingia kwenye nguzo ni dume, ina pini. Ncha inayoingia kwenye boti ni jike, ina matundu. Pini za upande wa boti zimefungwa kwenye ubavu wa boti yenyewe. "Mjomba," akaniambia, "dume lisiwe na moto kamwe." Maana yake ni kwamba ukichomoa kebo upande wowote, hakuna pini iliyo wazi yenye umeme inayongoja mkono wa mtu. Hata hivyo hakuutegemea mpango huo peke yake. Kila alipounganisha, alihakikisha kwanza swichi ya nguzo imezimwa, akachomeka upande wa boti, kisha upande wa nguzo, ndipo akawasha. Kuchomoa ilikuwa kinyume chake: kuzima, kuchomoa nguzoni, kisha botini. Hivyo hata kebo ikimponyoka na kuangukia majini, inaanguka ikiwa imekufa.

Nilimsikiliza huku nikikumbuka chuo kimoja cha ualimu nilichofundisha fizikia, ambacho sitakitaja. Zamani hizo tulikuwa na jenereta iliyowashwa saa 12 jioni na kuzimwa saa 4 usiku, na wanachuo walikuwa wakikimbizana na saa kumaliza maandalio ya masomo. Baadaye umeme wa gridi ulifika, jenereta ikabaki akiba. Umeme ulipokatika, mtu mmoja mwenye bidii kuliko maarifa alitengeneza waya wenye plagi dume kila upande. Upande mmoja aliuchomeka kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani jikoni, na nyumba nzima ikawaka. Watu walimpigia makofi. Kumbe umeme ule ulikuwa unatoka nje pia, kupitia mita hadi kwenye nguzo. Transfoma inayoshusha msongo ukiilisha kinyume huupandisha, na mafundi waliokuwa kilomita moja mbele waliamini laini imekufa. Aliyenusurika pale alinusurika kwa sababu mwenzake alikuwa na desturi ya kupima laini kabla ya kuigusa. Waya huo wa madume mawili bado nauona hata leo, umetundikwa kwenye misumari ya majumba ya watu wenye heshima zao, na kila niuonapo nauomba niondoke nao. Wengine hunipa, wengine hucheka.

Siku ya pili mpwa alifungua plagi ya upande wa boti, kwa sababu alipoishika aliiona ina joto. Ndani yake pini moja ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na plastiki kuizunguka imelegea kama nta. Chumvi ilikuwa imekula shaba nyeupe ya pini, skrubu ikalegea, na mguso ukawa mbaya. Hapo nilifurahi, maana somo hilo nililifundisha zaidi ya miaka thelathini ubaoni bila kuliona likinuka. Joto linalozaliwa kwenye mguso mbaya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Ukinzani wa nusu omu tu, mkondo wa ampea 10 ukipita, huzaa wati 50 katika nafasi inayoenea kiganjani, na hizo zinashinda pasi nyingi ndogo za kuchomelea redio. Mkondo ukifika ampea 20, joto haliongezeki maradufu bali mara nne, wati 200. Wakati huo fyuzi imetulia tuli, kwa kuwa mkondo haujazidi kiwango chake. Fyuzi huangalia wingi wa umeme unaopita. Mguso uliooza haimo katika kazi yake kuuona. Moto wa namna hii hauna onyo isipokuwa joto la mkono na harufu.

Alibadilisha plagi pamoja na soketi iliyopachikwa ubavuni mwa boti. Nilimwuliza kwa nini atupe soketi ambayo kwa macho yangu ilikuwa nzima. Akasema kilichoungua kimoja humwambukiza mwenzake, na plagi mpya ikiingia kwenye mguso wa zamani itaungua kabla ya mwezi kwisha. Kisha aliinyoosha kebo iliyokuwa imeviringwa kama kamba ya kisimani, maana kebo iliyoviringwa haipati hewa ya kupoa. Akaacha kiasi cha kulegea, kwa sababu bamvua hapo Dar es Salaam hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita tatu, na kebo iliyokazwa maji yakiwa yamejaa itang'oa plagi yakipwa. Ule ulegevu aliuning'iniza hivi kwamba kebo ishuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili maji ya mvua yadondoke pale chini yasitambae hadi ndani. Ni jambo dogo ambalo halina bei. Nimelifanya tangu siku ile kwenye waya wa taa ya kibanda changu cha kuku.

Lakini kilichoninyima usingizi ni habari ya waya wa ardhi, ule ambao mafundi wetu huuita ethi. Chini ya boti hufungwa vipande vya zinki. Wanafunzi wangu watakumbuka kwamba shaba na zinki zikitiwa katika maji ya chumvi na kuunganishwa kwa waya, zinafanya betri, na katika betri hiyo zinki ndiyo inayoliwa. Zinki ya boti imewekwa ili iliwe yenyewe, rafadha na vyuma vingine vya thamani vipone. Sasa boti zote zilizounganishwa na umeme wa gati zinakutana kupitia waya wa ardhi. Zinki yako inaanza kuliwa kwa ajili ya vyuma vya boti ya jirani ambaye hajawahi kununua zinki tangu azaliwe. Wapo wenye boti wanaogundua hivyo, wakaukata waya wa ardhi ili kuokoa fedha ya zinki. Mpwa alisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za nyanya sokoni.

Nikamwuliza, umeme ukivuja ndani ya boti iliyokatwa waya wa ardhi, utarudi kwa njia gani? Akanyoosha kidole kwenye maji.

Kipo kifaa cha kuzuia jambo hilo, ambacho hufungwa katika waya wa ardhi bila kuukata. Huzuia ule msongo mdogo unaokula zinki, lakini umeme wa hatari ukivuja hufungua njia mara moja. Bei yake si ya kumfilisi mwenye boti. Sijapata kuelewa kwa nini mtu aliyenunua boti ashindwe na kifaa, ingawa nikikumbuka wanakijiji wenzangu wenye pikipiki mpya na breki za kamba, naelewa kidogo.

Kisha nikauliza swali la kialimu: je, waogeleaji wa hapo hufa? Akanijibu kwamba baharini hatari ipo, lakini ni kubwa zaidi katika maji baridi ya ziwa na mto. Maelezo yake yalikuwa sahihi, nami nayaweka kwa maneno yangu. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme humpita mwogeleaji pembeni. Maji baridi hupitisha umeme vibaya. Mwili wa mtu, wenye damu ya chumvichumvi, ndio unakuwa njia rahisi, na umeme humwingia. Hauhitajiki wingi. Miliampea kumi na kitu, ambazo haziwezi hata kuwasha balbu ndogo ya tochi, zinatosha kukaza misuli ya mikono asiweze kupiga mbizi wala kushika ngazi. Anazama, na mwili ukitolewa hauna alama hata moja. Watu watasema alishikwa na mkakamao. Anayejitupa kumwokoa kabla swichi haijazimwa humfuata. Nilisoma ualimu Butimba, Mwanza, na jioni tulikuwa tukienda ziwani kuoga. Nilikaa kimya kitambo kwenye kile kiti cha plastiki.

Tuliporudi Turiani mke wangu aliona vizuri kuliko mimi, akawa wa kwanza kusema, "Baba, ule waya wa jirani umeshuka." Nilikuwa nikiupita kila siku. Jirani yangu ni mjane mwenye watoto watatu. Nyumba yake iko upande wa pili wa mfereji unaopeleka maji majarubani, na alikuwa amevutiwa umeme kutoka kwa shemeji yake aliye upande wetu. Waya wenyewe ulikuwa wa nyuzi mbili, usio na ethi, umeegeshwa juu ya mpera na kuvuka mfereji kwenye kimo cha kichwa cha mtu mzima. Katikati palikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa nailoni. Chini ya kiungo hicho watoto wa mtaa mzima huoga saa za mchana. Umeme wa kuvuta kwa jirani namna hiyo hauruhusiwi, na kila mtu anajua hauruhusiwi, na kila mtaa unao.

Nilikwenda jioni. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza habari za friji yake ya barafu. Akacheka, akasema ni nzima ila huwa inang'ata kidogo akiigusa akiwa miguu mitupu, kwa hiyo amewazoesha watoto kuvaa ndala. Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyepata dawa.

Nilimweleza kuhusu mfereji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, ukiukata leo, Jumatatu napeleka nini kwenye kikoba?" Barafu na juisi ndivyo vilivyokuwa vinalipa mkopo, ada ya mtoto aliye sekondari, na unga. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba usalama kwanza ni maneno ya bango ukutani. Mwenye kuyasema ana pensheni. Kumvutia umeme wake mwenyewe kulihitaji nyumba itandazwe nyaya na fundi mwenye leseni ya EWURA, na hiyo fedha haikuwapo mwaka ule.

Tukakubaliana hivi. Waya ungezimwa usiku uleule, na barafu ingehamia kwenye friji yangu, ambayo ilikuwa na samaki wawili na chupa za maji. Mke wangu alilipokea hilo kwa uso ambao sitaueleza. Siku ya tatu alikuja fundi, kijana aliyepitia VETA, akafunga kebo ya nyuzi tatu isiyo na kiungo hata kimoja. Ilipitishwa juu ya nguzo mbili za mti, mbali na mpera na juu kuliko mtu aliyebeba mzigo wa kuni kichwani. Upande wa mjane ilichimbiwa fimbo ya shaba ya ethi. Upande wa shemeji, kebo inakoanzia, ilifungwa swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja kufikia miliampea 30. Nilisisitiza ikae mwanzoni mwa waya kwa sababu ileile ya nguzo ya gati: ikikata, ikate kabla ya maji.

Siku ya kwanza swichi ilijikata mara nne. Shemeji alikuja kwangu amekasirika, akisema ameuziwa kifaa kibovu na yeye hatakuwa bawabu wa swichi. Alitaka ing'olewe. Nilimwomba asubiri hadi kesho, na nakiri heshima ya mvi ilifanya kazi kuliko fizikia. Kesho yake fundi alifungua nyuma ya friji, akakuta panya ametafuna ngozi ya waya hadi shaba imegusa bati. Ndiyo ile iliyokuwa ikimng'ata mama wa watu mwaka mzima. Waya ulipobadilishwa, swichi ilitulia. Shemeji aliuangalia ule uzi uliotafunwa, akaugeuza mara mbili tatu, akauliza kama mimi nina mtu wa kuja kumwangalizia na friji yake.

Gharama tuligawana sisi watatu. Fungu langu lililipwa kwa barafu kwa muda mrefu mno, mpaka mke wangu akaomba tusamehe deni.

Tangu hapo nimekuwa mzee mwenye kero mtaani. Naomba kufungua plagi za watu. Chuoni, kila mwanachuo wangu alifunga plagi kwa mkono wake kabla sijampa alama: kahawia ni moto, samawati ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Na ule wa ethi niliwafundisha kuuacha mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa nguvu, wa mwisho kung'oka awe mlinzi. Pini ya ethi nayo ni ndefu kuliko mbili zingine, ikaingia kwanza na kutoka mwisho. Siku hizi nikifungua plagi za mtaani, mara nyingi nakuta waya wa ethi umekatwa ukapinduliwa nyuma, kwa kuwa fundi hakuona kazi yake, au plagi yenyewe ni ya pini mbili, na mtu amesukuma kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu ili plagi iingie.

Jirani alipata mita yake ya LUKU mwaka 2022. Kebo ya kuvuka mfereji ilishushwa mchana kweupe, swichi ikiwa imezimwa, na nguzo mbili za mti zikawa kuni. Fimbo ya ethi ilibaki mahali pake na kuunganishwa na bodi mpya. Fundi alikuwa amemwambia kwamba ardhi ikikauka sana fimbo hufanya kazi vibaya, hivyo kiangazi humwagia maji pale chini. Alipanda migomba miwili mahali hapo ili maji yasipotee bure, na mmoja umeshazaa.